Daraja Litazeeka, Bili Itafika Burumba

Kuna swali moja ambalo sijasikia mwanasiasa akiulizwa kwenye mkutano wa hadhara, basi wacha tulianzishe sisi: ile barabara ya Nairobi inayopita juu ya vichwa vya watu, siku ikizeeka, nani atagharamia uzee wake?

Usicheke. Najua bado ni mpya. Rangi haijachakaa, taa zinawaka, na ukiipanda usiku kutoka uwanja wa ndege unaona jiji limelala chini yako kama picha ya kalenda. Lakini hakuna kitu cha zege ambacho hakizeeki, na ubishi kuhusu uzee hufanywa mapema, kabla mgonjwa hajaanza kukohoa. Wakati huo ndio huu. Mimi nasema hivi: mkataba wa Nairobi Expressway umegawa maisha ya ile barabara vibaya. Miaka yake mizuri imepewa kampuni. Miaka yake ya maradhi tumeachiwa sisi, na nikisema sisi namaanisha hata mtu wa Burumba ambaye hajawahi kuikanyaga.

Tuanze na yanayojulikana. Expressway ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Kazi yake ilianza mwaka 2020, enzi ya Uhuru Kenyatta, magari yakaanza kupita Mei 2022, na Julai 2022, siku chache kabla ya uchaguzi, ikafunguliwa rasmi. Ilijengwa na kampuni ya Kichina, China Road and Bridge Corporation, kwa gharama iliyotajwa kuwa takriban shilingi bilioni 88. Anayeiendesha na kukusanya pesa langoni ni Moja Expressway, kampuni tanzu ya hao hao waliojenga. Mkataba unawapa miaka 27 ya kukusanya. Baada ya hapo, barabara inarudi kwa serikali. Piga hesabu: ni mwaka 2049 hivi.

Sasa mtu ataniuliza, wewe uko Busia, Expressway na Burumba wapi na wapi? Swali zuri, na nina majibu mawili.

La kwanza ni la heshima. Neno bodaboda lilizaliwa huku mpakani. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wenye baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, wakiita abiria, "Boda! Boda!" Mji mdogo wa mpakani ukaipa Afrika Mashariki nzima neno na kazi. Leo mamilioni wanakula kupitia hiyo kazi. Halafu nenda usome vibao pale langoni Mlolongo. Pikipiki haziruhusiwi. Tuktuk haziruhusiwi. Baiskeli na waenda kwa miguu usiulize. Usafiri ambao maskini wa nchi hii alijibunia mwenyewe umeambiwa ubaki chini, kwenye vumbi na kivuli cha nguzo. Sawa, kuna sababu ya usalama, siikatai. Lakini basi tusiambiwe kwamba hiyo ni barabara ya Wakenya. Ni barabara ya Wakenya wenye gari na mia tano mfukoni.

La pili ni la pesa. Kila lita ya petroli inayouzwa Kenya hukatwa ushuru wa kukarabati barabara. Ulikuwa shilingi 18, Julai 2024 ukapandishwa hadi 25. Chukua kijana wa boda hapa Burumba anayenunua lita nne kwa siku. Hiyo ni shilingi 100 kila siku ya Mungu, kabla hajanunua chai. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ametoa shilingi 30,000 za kukarabati barabara. Huyo ndiye mfadhili. Hajavaa suti, hajawahi kualikwa kwenye sherehe ya kukata utepe, lakini barabara yoyote ya umma ikiugua, dawa inatoka mfukoni mwake. Na Expressway ikirudi kwa umma 2049, itajiunga kwenye foleni hiyo hiyo ya wagonjwa, tena itaingia na kuketi mbele kabisa, kwa sababu daraja lililo juu ya watu haliwezi kuambiwa lisubiri.

Hapo ndipo wengi hawaelewi tofauti. Barabara ya chini ikiharibika unapata mashimo. Dereva anatukana, anakwepa, anapunguza mwendo, maisha yanaendelea. Sisi wa huku tumeishi na mashimo mpaka tumeyapa majina. Barabara ya juu haina subira hiyo. Ndani ya zege kuna nondo. Maji ya mvua yakipenya kwenye nyufa na kwenye viungio vya sakafu, nondo zinaota kutu. Chuma chenye kutu huvimba, kikivimba kinalisukuma zege, zege linamenyuka vipande vipande. Chini ya kila sakafu kuna vitako vinavyobeba uzito juu ya nguzo, na hivyo vina umri wake, lazima vibadilishwe. Mifereji ikiziba, maji yanalala juu na kuharakisha yote hayo. Kwa miaka mingi huoni kitu. Halafu siku moja unaanza kuona, na kufikia hapo bei imeshapanda mara kadhaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema, na hao hawakuwa wamejenga ukuta wenye malori juu yake na vibanda vya chai chini yake.

Wenzetu walitangulia, tuangalie yaliyowapata.

Toronto, Kanada, walijenga Gardiner Expressway kati ya 1955 na 1966. Ilikuwa fahari ya jiji. Kufikia 2012 vipande vya zege vilikuwa vinadondoka kutoka juu. Wakabishana miaka na miaka: ibomolewe, ikarabatiwe, ihamishwe? Kila jibu lilikuwa na tagi ya mabilioni ya dola. Mwishowe, Novemba 2023, jiji likakubaliana na serikali ya jimbo la Ontario iibebe, kwa sababu ilikuwa inakula bajeti ya jiji. Hiyo ni Toronto, tajiri. Sasa jiulize Nairobi itamsukumia nani. Itausukuma mzigo Hazina ya taifa, na Hazina ni mimi na wewe.

Lagos walimaliza Third Mainland Bridge mwaka 1990, karibu kilomita 12 juu ya maji. Tangu hapo limefungwa sehemu sehemu mara kadhaa ili likarabatiwe, na kila likifungwa Lagos nzima inapiga magoti. Hilo ni daraja muhimu kweli, hawana namna. Lakini matatizo yake yalianza kuonekana kabla hata halijafikia umri ambao letu litakuwa nao likikabidhiwa kwetu.

Genoa, Italia, ndiko somo chungu. Daraja la Morandi lilifunguliwa 1967. Lilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi, Autostrade per l'Italia, iliyokuwa ikikusanya tozo kwa mkataba na serikali. Mfumo ni kama huu wetu: kampuni inakusanya, kampuni inatunza. Tarehe 14 Agosti 2018, mvua ikinyesha, likaanguka. Watu 43 wakafa. Kesi ikaanza 2022, na mwaka huo huo kundi la wawekezaji lililoongozwa na taasisi ya fedha ya serikali likainunua kampuni kwa mabilioni ya yuro. Yaani wananchi walilipa tozo miaka yote, wakazika watu wao, halafu pesa za umma zikatumika kumtoa mwekezaji. Sisemi Nairobi itaanguka. Nasema kukabidhi lango kwa kampuni hakukuondolei wewe mzigo. Kunakuondolea uwezo wa kuona tu.

Na kuna Seoul. Wakorea walijenga barabara ya juu ya Cheonggye katika enzi ya kukimbilia maendeleo, juu ya mto waliokuwa wameufunika. Ilipozeeka, badala ya kuendelea kuimiminia pesa, wakaanza kuibomoa 2003, wakafungua mto, na 2005 watu wakawa wanatembea pale kando ya maji. Jiji halikufa. Lakini waliamua wakiwa na mpango wa mabasi mkononi. Ndiyo maana nasema uamuzi wa 2049 haufai kuachiwa watu wa 2048.

Rudi kwenye mkataba wetu. Miaka 27 ya kwanza ya daraja jipya ndiyo ya raha. Zege liko imara, viungio vipya, ukarabati ni wa kupaka rangi, kubadilisha taa na kuziba hiki na kile. Hiyo ndiyo miaka ya tozo ya kampuni. Kuanzia hapo ndipo daktari anaanza kuitwa. Wamechukua ujana wake, sisi tutaletewa uzee wake. Aliyezaliwa 2004, ambaye leo anatafuta kazi ya kwanza, atakuwa na miaka 45 siku ya makabidhiano. Atakuwa na watoto shuleni na mama mgonjwa, na serikali itamwambia kuna daraja pia la kutunza.

Watetezi watasema mikataba kama hii huwa na masharti: kampuni lazima irudishe barabara ikiwa katika hali nzuri. Vizuri sana. Hali nzuri ni ipi? Nani anaipima? Kipimo kitaanza mwaka gani, na ripoti itasomwa na nani? Mtu akikukodisha pikipiki yake kwa mkataba wa kulipa pole pole, hata kule stejini mnaandikiana: tairi ziko hivi, injini iko hivi, na mashahidi wawili wanatia sahihi. Tunajua kufanya hivyo kwa pikipiki ya laki moja na nusu. Kwa daraja la mabilioni 88 tunaambiwa tuamini tu.

Halafu kuna dola. Expressway ilipofunguliwa, gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands lililipa shilingi 360. Januari 2024 ikawa 500. Lori kubwa likapanda kutoka 1,800 hadi 2,500. Barabara haikuwa imerefuka hata mita moja. Kilichobadilika ni kwamba dola, iliyokuwa kama shilingi 116 wakati wa kufungua, ilikuwa imekaribia 160, na tozo imefungwa kwenye dola. Njoo hapa mpakani umuulize yeyote kati ya wale wabadilishaji pesa wanaosimama na mabunda ya noti za Uganda mkononi: katika biashara ya pesa mbili, mjinga ni nani? Atakujibu bila kufikiri. Mjinga ni yule anayepata pesa hafifu na kuahidi kulipa kwa pesa ngumu. Kijana wa Burumba ambaye hakufika chuo kikuu analijua hilo. Mabwana waliosaini mkataba walilijua pia. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa wanaweka pesa zao.

Sasa nijibu pingamizi, nisionekane napigana na kivuli.

"Anayetumia ndiye analipa." Ingekuwa kweli, ningenyamaza. Lakini nafasi ambayo nguzo zimesimama ni ya umma. Katikati ya Mombasa Road na Uhuru Highway ndiko mabasi ya kasi yangeweza kupita, mabasi ambayo Nairobi imeahidiwa mpaka ahadi yenyewe imeota mvi. Anayepanda matatu pale chini ameshalipa kwa kunyang'anywa nafasi. Anayevuka kwa miguu amelipa. Na 2049 ikifika tutalipa wote.

"Serikali haikutoa hata senti." Serikali ilitoa ardhi, ilitoa njia, na ilitoa miaka 27 ya mapato. Hizo si senti, ni zaidi. Isitoshe, jaribu kufikiria siku kampuni itakaposema haipati faida na inataka kuondoka. Unadhani daraja litaachwa lisimame pale bila mwenyewe? Afrika Kusini walijaribu tozo za kielektroniki huko Gauteng kuanzia Desemba 2013. Watu wakagoma kulipa, zaidi ya miaka 10, na Aprili 2024 mitambo ikazimwa. Deni halikuzimwa nayo. Likahamia kwa walipa kodi.

"Lakini inaokoa muda." Ndiyo, inaokoa. Mlolongo hadi Westlands kwa dakika 20 si jambo dogo. Tatizo ni kwamba muda umegeuka kuwa bidhaa ya wachache, na tukishaizoea biashara hiyo, hakuna atakayekuwa na haraka ya kutengeneza barabara ya chini.

"Nyinyi watu wa mpakani mna wivu." Kaka, dada, wivu wa nini? Trela zinazotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Juba zinapita kwetu. Foleni ya Malaba inajulikana dunia nzima ya biashara ya mizigo. Vituo vya pamoja vya mpakani vilijengwa ili mtu akaguliwe mara moja tu, na cha Busia kilifunguliwa rasmi na Kenyatta na Museveni Februari 2018. Uchumi wa nchi unapita Busia na Malaba kila usiku. Lakini trela ya Uganda haihitaji daraja la kwenda Westlands. Inahitaji barabara nzima isiyo na mashimo, mahali pa kuegesha dereva alale, choo, taa, na mifereji ambayo mvua ikinyesha haimwagi maji kwenye nyumba za watu. Mambo ya chini, ya bei nafuu, yasiyopigwa picha kutoka angani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tumebebeshwa makanda haya miaka mingi.

Na usidhani hii ni hadithi ya Nairobi peke yake. Mfumo unasogea magharibi. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit ilikuwa imepewa Wafaransa kwa mkataba wa 2020. Mkataba huo ukavunjwa, na Novemba 2025 Rais Ruto akazindua kazi upya, wakiwemo China Road and Bridge tena, safari hii pamoja na NSSF. Soma hiyo herufi kwa herufi: NSSF, akiba ya uzeeni ya mfanyakazi. Tozo iliyotajwa ni shilingi 8 kwa kilomita kwa gari dogo. Rironi hadi Mau Summit ni kilomita 175, hivyo ni shilingi 1,400 kwenda tu. Ukitoka Busia kupitia Kisumu na Kericho, au Malaba kupitia Eldoret, njia zote zinakutana Mau Summit. Hutakwepa. Utalipa kwenye nauli ya basi, kwenye bei ya simiti, kwenye bei ya dawa. Ile barabara inahitaji kupanuliwa, tumezika watu wengi sana pale, na hilo silibishi. Ninachouliza ni kile kile: uzee wake uko kwenye ukurasa gani wa mkataba? Kwa sababu safari hii tumeweka hata pensheni zetu mle ndani. Barabara na mwenye pensheni watazeeka pamoja, na mmoja atategemea mwingine.

Mtu atasema, si kuna ule ushuru wa mafuta, si ndio wa ukarabati? Kati ya zile shilingi 25, serikali imeshaziweka rehani shilingi 7, ikachukua pesa juu yake kulipa madeni ya makandarasi ya takriban bilioni 175. Makandarasi walistahili kulipwa, wengine walikuwa wamefilisika. Lakini uelewe maana yake. Pesa ambazo kijana wa boda atatoa miaka ijayo kwa ajili ya mashimo ya kesho zimeshakuliwa na lami ya jana. Basi daraja likija na maradhi yake litakuta mkoba umefungwa kamba.

Kwa hiyo tunataka nini? Si kubomoa kesho. Nina mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo.

Kwanza, mkataba wote uwekwe wazi, pamoja na ukurasa wa makabidhiano, kwa Kiswahili ambacho mtu wa stejini anaweza kusoma. Pili, daraja lipimwe kila mwaka na wahandisi ambao hawalipwi na kampuni inayokusanya tozo, na ripoti itangazwe kama matokeo ya mtihani. Tatu, sehemu ya kila tozo, kuanzia sasa, iwekwe kwenye mfuko wa uzee wa hiyo barabara, ufungwe, usiguswe na Hazina, ili 2049 ije na pesa zake mkononi. Aliyefurahia ujana wake achangie matibabu. Nne, kusijengwe barabara nyingine ya juu ya kulipia katika jiji lolote la nchi hii kabla mpango wa maisha yake yote haujaandikwa, tangu nguzo ya kwanza hadi siku ya kubomolewa.

Utasema hawatasikia. Mwaka 2020 kulikuwa na mugumo mmoja mkubwa kwenye Waiyaki Way, Westlands, uliopangwa kung'olewa ili Expressway ipite. Watu wakapiga kelele, mti ukaachwa, na uko pale mpaka leo. Ramani ilibadilika. Waliopiga kelele hawakuwa na cheo wala bunduki, walikuwa na ubishi tu, na waliuanzisha kabla shoka halijafika.

Sisi tuna hadi 2049. Inaonekana mbali, lakini viungio vya daraja havingoji uchaguzi. Ukikutana na mbunge wako wiki hii, usimuombe pesa ya soda. Muulize ukurasa wa makabidhiano unasema nini. Akisema hajui, mwambie kuna mtu anayelipa shilingi mia kila siku na angependa kujua.